Barua ya wazi kwa wenye Broadway: tiketi zenu za bei chee zinauzwa tukiwa kazini

Kwenu wenye kumbi za maigizo za Broadway hapa New York, maprodyuza, na nyie wa Broadway League mnaowakutanisha wote meza moja,

Shikamooni wakubwa, na walio wadogo kwangu hapo nawapokelea kabisa, marahaba.

Mi ni mtu wa Tanga, naishi Bronx huu mwaka wa tisa, kazi yangu kutunza wazee majumbani kwao, naogesha, napika, nakumbusha dawa, nasikiliza stori za 1958. Si mwandishi, barua hii naiandika kwenye simu ndani ya treni ya D nikirudi nyumbani, kwa hiyo mkikuta sentensi imekuwa ndefu jueni treni ilikuwa haijafika Fordham. Na Kiswahili naandika makusudi. Najua hamkisomi, lakini pale Barabara ya 45 karibu kila usiku kuna watoto wa Kimarekani wanatoka kuangalia The Lion King wanaimba hakuna matata mpaka kwenye ngazi za kushukia treni, sasa mtu wa kuwatafsiria mkitaka hamtamkosa, tupo wengi tu, wengine ndo wanaendesha hizo teksi mnazopanda mkitoka.

Bibi ninayemtunza anakaa Tenth Avenue, dakika kumi na tano kwa miguu toka kwenye kumbi zenu, kwahiyo shoo zenu nazijua vizuri sana kwa nje. Yaani nazijua kwa mabango na kwa foleni. Nazijua kwa saa ya kutoka watu, maana wakitoka wote kwa pamoja pale kwenye makutano hupiti. Shoo ya Chicago ipo toka 1996, pale Ambassador toka 2003, Wicked pale Gershwin toka 2003, na Gershwin ndo ukumbi mkubwa kuliko wote, viti karibu 1,900, Hamilton pale Richard Rodgers toka 2015. The Book of Mormon pale Eugene O'Neill toka 2011, hiyo hadithi yake inatokea Uganda, shoga yangu mmoja wa Kampala alipelekwa na bosi wake, aliporudi nikamuuliza vipi, akasema "nimeambiwa ilikuwa kwetu." Basi tukaishia hapo.

Kumbi zenu ni 41. Mi miaka tisa nimeingia mara moja, hiyo nitaisimulia mbele. Kwanza nianze na kilichoniuma.

Mna hii bahati nasibu ya kwenye simu, unajaza jina, wanachagua, ukiangukiwa unapata kiti kwa bei ambayo hata mtu wa mshahara wangu anaimudu. Nimejaza mpaka simu ikawa inaijua imeli yangu nikigusa herufi moja tu. Shoo gani na ukumbi gani sitaji, yamepita hayo. Siku moja mwezi wa pili nikashinda. Ila kujua kwamba nimeshinda nilijua baada ya masaa mawili na nusu. Ujumbe uliingia niko bafuni na bibi, ana miaka 91, mkono mmoja nimemshika kwapani, mkono mwingine bomba la maji, simu iko kwenye mkoba jikoni kwa sababu ndo utaratibu wa kazi, na hata usingekuwa utaratibu, nani anamwacha bibi wa miaka 91 kwenye maji aende kuchungulia simu? Nikamkausha, nikampaka mafuta, nikamvalisha, tukanywa chai yake na biskuti. Nakuja kufungua simu naona hongera, umeshinda, una dakika 60 za kulipia. Zilishaisha zamani, kiti kashapewa mwingine. Bibi akaniuliza mbona umenuna hivyo, nikamweleza, akasema enzi zake Jumatano mchana ulikuwa unalipa unaingia, na akaendelea na biskuti yake.

Dakika 60 jamani. Hebu nani alikaa akaziamua hizo? Bila shaka ni mtu ambaye simu yake iko mezani mbele yake siku nzima na hakuna wa kumuuliza. Mpishi wa hoteli hana simu mkononi, dereva wa basi hana, msafisha vyumba hana, muuguzi hana. Yaani ukiangalia kazi zote zinazofanya huo mji uamke asubuhi, nyingi ni za kuweka simu kwenye loka.

Njia ya pili ni ya kupanga foleni dirishani asubuhi, tiketi za siku ileile. Hii nayo naijua historia yake kidogo, bibi ndo kanisimulia na nikafuatilia mwenyewe. Ilianzia 1996 na shoo ya Rent pale ukumbi wa Nederlander, Barabara ya 41, wakachukua safu mbili za mbele, za mbele kabisa, wakaziuza dola 20 kwa atakayewahi siku hiyo. Vijana wakawa wanalala hapo nje, ikawa vurugu, ndo ikabidi waje na bahati nasibu. Mnaona lakini walitoa viti gani? Vya mbele, siyo vile vya pembeni ambavyo ukikaa unaangalia nusu ya mfalme.

Sasa dirisha mnafungua saa nne asubuhi. Saa nne asubuhi ya Jumatano nani yuko huru New York? Mtalii, mwanafunzi aliyetoroka kipindi, na mstaafu mwenye miguu mizima. Sina ubaya nao, nao ni watu na wanapenda igizo, ila msije mkasimama kwenye sherehe zenu mkasema Broadway ni ya kila mtu na hiyo bei ya chini mmeificha kwenye saa ambayo kila mtu yuko kazini. Mi saa nne nishafua na kuanika.

Kuna na kile kibanda cha tiketi cha TKTS chini ya ngazi nyekundu pale Duffy Square, kipo toka 1973, hicho nakiheshimu, kinapunguza mpaka nusu bei. Ila nusu ya kitu kikubwa bado ni kitu kikubwa. Msimu wa 2024-25 mlikusanya dola bilioni 1.89, watu milioni 14 na ushee, ukigawa inakuja kama dola 129 kwa kichwa. Mshahara wa chini hapa mjini ni dola 17 kwa saa toka Januari 2026. Fanyeni wenyewe hesabu, ni siku nzima ya kazi kabla ya kodi, na hapo hujamlipia mtoto, hujapanda treni, hujanunua hata yale maji yenu ya chupa ambayo bei yake sitaki kuizungumzia. Ile Othello ya 2025 ya Denzel Washington na Jake Gyllenhaal ndo ilinimaliza, kuna viti vilifika dola 921. Masaa 54! Ningemwogesha bibi masaa 54 ili nikamwone Denzel masaa matatu. Nampenda Denzel lakini si hivyo.

Na zile ada za juu, ada ya huduma sijui ada ya nini, sasa hivi angalau bei kamili inaonekana toka mwanzo maana sheria ya serikali kuu imelazimisha toka Mei 2025. Shukrani ziende kwa sheria.

Mtaniambia dada hujui biashara yetu. Kiasi fulani ni kweli. Najua shoo nyingi zinafungwa hazijarudisha hata mtaji, najua kuna wapiga ala, mafundi umeme, washonaji, watu wa kubadilisha mapazia, wote wana chama na wote wanalipwa vizuri kama inavyotakiwa, na mi sitaki hata mmoja apunguziwe ili mi nikae bei rahisi. Najua pia kwamba anayelipa dola 900 kuna mahali anamsaidia wa dola 40. Siombi mshushe bei zote. Ninachosema ni kwamba hizo tiketi za bei chee TAYARI mnazo, mmeshazitenga, mmeshazipigia hesabu, tatizo ni saa na mahali mnapozigawia. Na Januari na Februari watu wanapoogopa baridi viti vinabaki, kila mtu anajua. Nyanya ya jana unaipunguza bei unaiuza leo, kiti cha jana unamuuzia nani?

Sasa niwasimulie hiyo mara moja.

Mama yangu alikuja kunitembelea, mwezi wa kumi na moja. Mama ni mtu wa taarab, kakulia kwenye vikundi vya Black Star na Lucky Star, huyo ukimwambia habari ya kwenda kuangalia watu wakiimba anavaa kabla hujamaliza. Nikajichanga ovataimu za wiki mbili nikanunua viti viwili The Lion King, kule juu, siyo chini. Kanga juu ya sweta, koti juu ya kanga, tukapanda zile ngazi za umeme za Minskoff mama akiuliza kama ukumbi uko gorofani kwa nini wasiweke chini.

Taa zikazima. Ile sauti ya kwanza ikapigwa, mama akanisogelea, "hicho Kiswahili cha wapi?" Nikamwambia hicho Kizulu, mama, tulia chetu kinakuja. (Humo mna lugha sita za Kiafrika, kwa anayetaka kujua, mchango wa Lebo M wa Afrika Kusini, nanyi hamjawahi kuwaomba watu wazielewe, na hakuna aliyewahi kurudishiwa hela.) Jua likapanda, vipande vya kitambaa tu hivyo vinavutwa juu, ukiangalia unajua ni kitambaa na bado ni jua. Twiga wakaingia, kila twiga ni mtu mmoja kasimama kwenye magongo manne, mikono na miguu. Tembo akapita katikati ya watu kule chini. Mama alikaa kimya, na mama yangu hakai kimya. Baadaye sana akasema, "Kumbe simba kamvaa kichwani, uso wake kauacha." Basi katika maneno yote niliyosoma kumhusu Julie Taymor, muongozaji wa hiyo shoo, na vile vinyago vyake, mwanamke wa kwanza kupata tuzo ya Tony ya kuongoza muziki wa jukwaani, 1998, hakuna aliyesema vizuri kushinda hivyo.

Halafu wakaja fisi. Fisi mmoja anaitwa Shenzi. Mama akasema kwa sauti, siyo kunong'ona, "Ee! Wanamwita mwenzao shenzi mbele ya watoto!" Mzungu wa pembeni akacheka bila kujua anachekea nini, akaniuliza kasemaje, ikabidi nimtafsirie, na toka hapo yule mama wa Kizungu kila likija jina anatugeukia. Simba? Simba mwenyewe. Rafiki? Rafiki. Sarabi? Yale maji unayoyaona barabarani jua kali, ukisogea hayapo. Pumbaa? Hilo jina na tabia yake vinaendana. Tulikuwa tunafanya kazi hapo bila malipo, nyie mmekaa. Hakuna matata ilipofika ukumbi mzima ukaimba, mama akaniuliza ni kina nani wanaongea hivi, kwetu si tunasema hamna shida? Nikamwambia ni maneno ya watalii, mama, na huku Disney waliyasajili kabisa yawe alama yao ya biashara, 2003, fulana. Akaniangalia kama namdanganya.

Lakini mambo yenyewe yalikuwa kwa Nala, yule simba jike. Yule dada kaingia kwenye wimbo wake wa kuaga, anaondoka kwao, ardhi imekauka, anaimba mpaka unasikia koo lako mwenyewe. Namwona mama anafungua kibindo. Anatoa noti ya dola tano. Anaikunja kwa urefu kama inavyotakiwa. Anasimama. "Mama unaenda wapi?" "Naenda kumtunza." Nimemshika kanga kwa mikono yote miwili, namwambia mama huku hawatunzi, tutatolewa, na tuko juu, utashukia wapi, watu wa nyuma wanatukodolea macho. Akakaa. Ile noti akabaki nayo mkononi mpaka mwisho, na ananiambia, "Mtoto wa watu kaimba vile, wanamwangalia tu?"

Tunatoka, mlangoni kuna kijana bado kavaa nguo za jukwaani, kashika ndoo nyekundu, wale wa Broadway Cares wanaochangisha kwa ajili ya wagonjwa, mfuko ulianza enzi za Ukimwi 1988. Mama hakusikiliza maelezo. Akaweka dola tano yake, akamshika kijana shavu, akasema "hongera mwanangu," kwa Kiswahili, na kijana akajibu asante. Asante! Sijui kajifunzia wapi, labda kwa watu kama mama.

Nimeisimulia yote hiyo ili muone mnachokosa, siyo tunachokosa sisi tu. Wenzenu wengi mnalalamika watazamaji wa siku hizi wamepoa, wanarekodi kwa simu, wanatafuna. Wekeni wamama sita wa Tanga safu ya mbele mje mniambie kama wamepoa.

Na msiseme kugawa tiketi mitaani haiwezekani, kwa sababu inafanyika hapohapo mjini. Public Theater, wale wa maigizo ya bure Central Park, ukumbi wa Delacorte, bure toka 1962, tiketi zao wanazipanga kwa njia kadhaa na njia mojawapo ni kuzipeleka kwenye mitaa, Bronx, Queens, Brooklyn, Staten Island, unaenda unapewa mkononi, hulipi. Agosti 2025 Delacorte ilipofunguliwa tena baada ya ukarabati walianza na Twelfth Night ya Shakespeare, muongozaji Saheem Ali, mzaliwa wa Nairobi, na wale mapacha wawili wanaopoteana baharini walichezwa na Lupita Nyong'o na mdogo wake Junior. Dada na kaka kwelikweli. Na wale mapacha wakawa wanaongea Kiswahili. Shakespeare, Central Park, Kiswahili, bure.

Hiyo niliiona. Ilikuwa siku yangu ya ofu, nikapanga foleni nikapata. Pacha anaamini mwenzake kafa maji, igizo zima wanapishana, mwishoni wanasimama uso kwa uso, na lile neno la kwanza linatoka kwa Kiswahili, mi nilitoa sauti bila kujua, na kuna sauti nyingine kule upande wa kulia ikatoka vilevile kwa wakati uleule. Sikumwona ni nani. Lakini alikuwa wa kwetu, hilo sina shaka. Wengine wote wamekaa kimya wakisubiri kuelewa na hakuna aliyelalamika.

Kwahiyo ninachoomba ni kidogo na nitakisema wazi. Zile tiketi za asubuhi, chukueni sehemu yake, sijasema zote, mziuze jioni kwa ajili ya siku inayofuata au ya siku yetu ya ofu. Mziuzie Bronx. Maktaba kubwa ya Kingsbridge Road pale karibu na Fordham ina nafasi, meza moja, karani mmoja, kuanzia saa kumi na mbili jioni mpaka saa mbili usiku, mara moja kwa wiki mjaribu miezi mitatu. Queens vilevile, Jackson Heights mtapata foleni ya lugha thelathini. Karani awe anajua kuongea polepole, basi. Fedha taslimu ipokelewe maana si kila mzee ana kadi. Na ile bahati nasibu, aliyeshinda mpeni mpaka saa sita usiku alipie. Kiti ni cha kesho, haraka ya nini? Mnaogopa nini kitatokea kati ya saa tano asubuhi na saa sita usiku? Labda mmoja wenu anifafanulie, nitasoma, Kiingereza kinanipitia.

Mengine sina. Vile viti vyenu vya juu magoti yanagonga kisogo cha mtu lakini najua majengo ni ya zamani, tusamehe tu.

Mama kanipigia juzi, katika kuulizana habari akaniuliza yule kijana wa ndoo bado yupo? Nikamwambia sijui mama, sijarudi.

Wenu,
Mtunza wazee, Bronx